Kurekebisha na Kupima Darubini ya Kupigia Picha za Jua: Mwongozo kwa Walio Tanga

Picha ya Jua ikitoka na ukungu, lawama ya kwanza huiangukia hewa. Mimi nilikaa miezi mingi nikiilaumu hewa ya Tanga, joto lake na unyevu wake, mpaka asubuhi moja nilipoishika darubini kwa bahati mbaya nikagundua kwamba skrubu ya kishikio cha bomba ilikuwa imelegea, na kwamba kila upepo ulipopita bomba zima lilikuwa likicheza. Hewa ina makosa yake, na nitayataja, lakini haifai kuhukumiwa kabla ya vifaa kupimwa kimoja kimoja. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa hatari: unaanza na kifaa kinachoweza kupofusha, kisha vile vinavyoharibu picha tu.

Mfano nitakaoutumia ni wa darubini yangu ya lenzi, yenye kipenyo cha milimita 80 na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hadi pale picha inapokuwa kali, wa milimita 480. Mwenye darubini ya vioo anaweza kufuata hatua zilezile, isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo.

Kichujio kabla ya kitu kingine chochote

Lenzi yenye kipenyo cha milimita 100 hukusanya takriban wati 7 za nguvu ya Jua la mchana, na huzibana zote kwenye doa lisilozidi ukubwa wa punje ya hindi. Doa hilo likitua ndani ya jicho, hakuna maumivu yatakayokuonya kwa wakati. Kwa sababu hiyo kichujio cha Jua hukaa mbele ya darubini, kikifunika mdomo wote, ili mwanga upunguzwe kabla haujaingia. Vile vichujio vidogo vya kufungwa kwenye lenzi ya jicho, ambavyo huuzwa pamoja na darubini za bei nafuu, hukaa mahali ambapo joto limekwisha kubanwa na huweza kupasuka ghafla. Ukiwa nacho, kitupe, wala usimpe mtu.

Utando wa kichujio unaofaa kwa macho ni ule unaopitisha sehemu moja tu ya mwanga kati ya 100,000, na kwenye pakiti yake huandikwa namba 5.0. Upo mwingine wa namba 3.8, unaopitisha mwanga mara 16 hivi zaidi, nao ni wa kamera peke yake. Katika nyumba yenye watoto ninashauri ukae na ule wa 5.0 tu, hata kama kamera itadai muda mrefu kidogo, kwa kuwa siku moja mtu atasahau ni upi uliofungwa. Miwani ya kupatwa kwa Jua ambayo watu wengi walibaki nayo tangu tarehe 1 Septemba 2016, Jua lilipopatwa kipete kule Rujewa na sisi wa Tanga tukaliona limemegwa upande, ilitengenezwa kwa jicho tupu. Kuivaa na kuchungulia ndani ya darubini isiyo na kichujio ni sawa na kutovaa kitu.

Kila asubuhi, kabla ya kukifunga, ingia chumba chenye giza na ukishike kichujio mbele ya taa kali. Angalia polepole kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Nukta yoyote inayong'aa ni tundu, na utando wenye tundu au mkwaruzo unaopitisha mwanga unabadilishwa, hautiwi viraka. Mikunjo midogo isikusumbue, kwa maana utando uliolegea kidogo hutoa picha nzuri kuliko uliovutwa kama ngozi ya ngoma. Baada ya hapo kivike kwenye bomba, inamisha mdomo wa darubini chini na uligonge bomba kwa kiganja mara tatu. Kikicheza, ongeza utepe wa sponji ndani ya pete yake, kisha uibane pete kwa selotepu ya karatasi pande tatu. Upepo wa kusi unaovuma kutoka baharini hauombi ruhusa.

Darubini ndogo ya kulengea iondolewe kabisa. Wengi huisahau, nayo huweza kuunguza jicho, nguo, hata nyuzi zake yenyewe za kulengea. Mahali pake tumia kivuli: sogeza bomba mpaka kivuli chake chini kiwe kidogo kuliko vyote, na Jua litakuwa limeingia au limekaribia sana kuingia.

Wenye darubini za lenzi wanaweza kutumia kabari ya Herschel, yaani kipande cha kioo kinachorudisha takriban asilimia 5 tu ya mwanga na kuuacha uliobaki upite nyuma, halafu vichujio vya ndani humalizia kazi. Picha yake ya madoa ya Jua ni kali kuliko ya utando. Haifai kwa darubini ya vioo, ambayo kioo chake cha pili kitapikwa na mwanga ambao haujapunguzwa.

Lenzi na vioo hupimwa usiku

Usijaribu kulinganisha vioo, yaani kuvipanga vielekeane sawa, kwa kutumia Jua. Ngoja usiku, chagua nyota iliyo juu sana, na hapa kwetu tuna bahati: Sirius kati ya Januari na Machi, Spica au Antares katikati ya mwaka, Fomalhaut ifikapo Oktoba. Iache darubini nje nusu saa ipoe, tumia ukuzaji wa mara 150 hivi, iweke nyota katikati kabisa, kisha itoe kwenye fokasi kidogo. Utaona pete za mwanga zilizozungukana. Zikiwa na kitovu kimoja, ndani na nje ya fokasi, darubini iko sawa. Zikielemea upande mmoja, vioo havijalingana, au lenzi imekaa upande katika kishikio chake. Kwa darubini ya vioo, geuza skrubu moja ya kioo kikuu robo ya mzunguko, irudishe nyota katikati, uangalie tena, na usiguse skrubu ya pili mpaka umeona ya kwanza imefanya nini. Lenzi iliyokaa upande, kwa upande wake, ni bora kupelekwa kwa mtu mwenye uzoefu, kwa kuwa kuifungua nyumbani mara nyingi huongeza tatizo.

Usiku huohuo pima mtikisiko. Ukiwa umekuza mara 60, gonga bomba kwa kidole na uhesabu: picha ikitulia ndani ya sekunde mbili au tatu, stendi inatosha. Ikichukua sekunde sita, kaza nati zote, fupisha miguu, ning'iniza kiroba cha mchanga katikati ya stendi, upime tena.

Stendi na ncha iliyolala chini

Hapa ndipo miongozo ya nchi za mbali inapotuacha. Kichwa cha ikweta, kile kinachoifuata anga kwa mhimili mmoja, kinahitaji mhimili huo uelekezwe kwenye ncha ya anga, yaani pale ambapo anga yote huonekana kupazunguka. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha yetu ni ile ya kusini, nayo iko nyuzi 5 tu juu ya upeo, nyuma ya minazi na mapaa ya watu. Mchana haionekani kwa vyovyote, na vichwa vingi havikutengenezwa kushuka hivyo. Vingine hukwama kwenye nyuzi 15.

Dawa ni kuinamisha stendi yenyewe. Weka mguu mmoja upande wa kusini na miwili upande wa kaskazini, halafu ufupishe ule wa kusini. Ikiwa kutoka mguu wa kusini hadi mstari wa ile miwili ni sentimita 80, kuushusha mguu kwa sentimita 14 kutakuinamishia kichwa kwa takriban nyuzi 10, na hivyo mhimili uliokwama kwenye 15 utafika 5. Thibitisha kwa kulaza juu ya mhimili simu yenye programu ya kupima mwinamo. Uzito sasa umeelemea kusini, basi kile kiroba cha mchanga si cha hiari tena. Kabla ya kuwasha mota, zungusha darubini kwa mkono mzunguko mzima, maana katika mwinamo mdogo kama huu fimbo ya uzito hupenda kugonga mguu wa stendi.

Kusini halisi hupatikana kwa timazi. Ning'iniza timazi juu ya sakafu iliyosawazishwa kwa pima maji, na uweke alama kwenye kivuli cha uzi wakati Jua linapokuwa kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Saa hiyo si saa sita kamili. Saa ya Afrika Mashariki imefuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ilhali Tanga iko nyuzi 39 na kidogo, kwa hiyo kwa wastani Jua hufika hapo saa 6 na dakika 24 mchana. Mwanzoni mwa Novemba huwahi, yapata saa 6 na dakika 7, na katikati ya Februari huchelewa mpaka karibu saa 6 na dakika 38. Asiyetaka hesabu atumie njia ya zamani: simamisha kijiti, chora duara kukizunguka, weka alama pale ncha ya kivuli inapogusa duara asubuhi na tena alasiri, kisha ugawe katikati. Mstari kutoka kwenye kijiti hadi katikati hiyo ni kaskazini na kusini. Mwezi Juni kijiti cha mita moja hutoa kivuli cha sentimita 54 hivi adhuhuri, kikielekea kusini, na Desemba kivuli cha sentimita 33 kikielekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba Jua hupita utosini na kivuli cha adhuhuri humezwa na kijiti, basi siku hizo tegemea njia ya duara.

Usihangaike kutafuta usahihi usio na faida. Kosa la nyuzi moja katika mhimili husogeza picha kwa sekunde 16 za tao kwa dakika, tena hapo ni penye ubaya zaidi, wakati upana wa Jua ni karibu 1,900 (sekunde ya tao ni sehemu moja kati ya 3,600 za nyuzi moja). Video ya dakika moja haitaona hasara, na programu ya kupanga fremu, yaani picha mojamoja za video, italirekebisha hilo bila kulalamika. Kumbuka tu kuuweka mwendo wa mota kwenye Jua badala ya nyota. Wenye stendi ya kwenda juu-chini na kushoto-kulia nao wasijione wanyonge, ila waepuke adhuhuri za Machi na Oktoba, kwa kuwa Jua likiwa utosini stendi hiyo hulazimika kuzunguka kwa kasi isiyoiweza.

Hesabu ya kamera

Gawanya urefu wa fokasi kwa 107, utapata upana wa taswira ya Jua juu ya kihisi, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga. Kwangu milimita 480 hutoa 4.5, na kihisi cha kamera yangu, cha aina ya IMX178, kina kimo cha milimita 5.0, hivyo Jua zima huingia na nafasi kidogo hubaki. Mwenye urefu wa milimita 700 atapata taswira ya 6.5, na kwa kihisi hichohicho atalazimika kupiga vipande na kuviunga. IMX174, chenye kimo cha milimita 7.1, kingemfaa zaidi.

Hesabu ya pili ni ya piseli. Gawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo: mimi napata 6. Kwa mwanga wa haidrojeni-alfa, ule mwekundu wa gesi ya haidrojeni, namba hiyo inatakiwa iwe karibu mara tatu ya ukubwa wa piseli kwa maikromita, na kwa kichujio cha kijani cha nanomita 540 iwe karibu mara nne. Piseli za IMX178 ni maikromita 2.4, kwa hiyo namba inayofaa ni 7 kwa nyekundu na 9 hivi kwa kijani. Yangu iko chini kidogo, na ninaridhika. Ikizidi sana, picha inakuwa kubwa na laini bila kuongeza kitu. Kila piseli yangu hufunika sekunde moja ya tao, ambayo juu ya Jua ni takriban kilomita 725. Tarehe 13 Novemba 2032, Utaridi itakapopita mbele ya Jua na sisi tukiliona likiwa juu, itakuwa nukta nyeusi ya piseli 10 hivi katika picha yangu. Kamera isiyo ya rangi ni bora, na kwa haidrojeni-alfa karibu ni lazima, kwa sababu kamera ya rangi hutumia robo tu ya piseli zake kwa mwanga mwekundu.

Asubuhi ya jaribio

Toka mapema. Hewa hutulia kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kabla ardhi haijachemka na kabla upepo wa bahari haujapata nguvu. Simama kwenye majani, si kwenye saruji, na kamwe usilenge Jua juu ya paa la bati, ambalo hutoa mvuke wa joto unaoonekana hata kwa macho. Upande wa Raskazone, ambapo asubuhi Jua liko juu ya maji, nimepata utulivu ambao uani kwangu sijawahi kuuona. Miezi ya kaskazi, Januari na Februari, hunipa asubuhi nyingi safi. Masika ikianza, funga vifaa.

Weka kompyuta mpakato ndani ya boksi la kadibodi lililolazwa ubavu na ujifunike kitambaa cheusi. Jirani yangu mmoja, bibi mwenye maneno, aliniuliza kama napiga ramli. Nikampa nafasi atazame doa la Jua kwenye kioo cha kompyuta, na tangu siku hiyo ndiye anayewafukuza watoto wasiisogelee darubini nikiingia ndani, ingawa kanuni yangu mwenyewe ni kutoiacha peke yake hata dakika moja bila kufunika mdomo wake.

Fokasi ipatikane kwenye ukingo wa doa, au kwenye ukingo wa Jua kama madoa hayapo. Pita fokasi kidogo, rudi, pita tena upande wa pili, na umalizie kila mara kwa kuzungusha kitufe upande uleule ili ulegevu wa gia usikudanganye. Bomba hupanuka kwa joto, hivyo rudia kila baada ya dakika 15.

Muda wa shata, yaani muda ambao kihisi hupokea mwanga kwa kila fremu, usizidi milisekunde 10, kwa sababu zaidi ya hapo hewa hupata nafasi ya kuivuruga fremu. Kwa mwanga mweupe mara nyingi utakuwa chini ya milisekunde moja au mbili. Inua gaini, yaani ukuzaji wa mwanga ndani ya kamera, mpaka histogramu, ule mchoro wa viwango vya mwanga kwenye kompyuta, ifike asilimia 70, isiguse mwisho. Rekodi fremu 1,000 hadi 2,000 kwa programu ya SharpCap au FireCapture, ndani ya dakika moja au moja na nusu, kwani ndimi za gesi ukingoni hubadilika.

Kumtambua mkosaji

Sasa irudie video polepole. Hewa ikiwa ndiyo mkosaji, ukingo wa Jua utachemka kama maji ya ugali, na kila baada ya muda fremu moja au mbili zitatoka kali. Zikiwapo hizo, darubini yako haina kosa. Kama katika fremu 1,000 hakuna hata moja iliyo kali, tafuta fokasi au kifaa. Kingo zikionekana mbilimbili kwa mwelekeo mmoja tu, ni mtikisiko. Upande mmoja wa picha ukiwa laini siku zote, kitu kimekaa upande, na hapo ndipo jaribio la kuzungusha linapofanya kazi yake.

Legeza kamera, izungushe robo ya duara bila kugusa kingine, kaza, rekodi tena. Kosa likibaki pembe ileile ya fremu ilhali Jua limegeuka, liko kwenye kamera: kihisi kimeinama au pete ya kuunganishia haikukaa sawa. Kosa likigeuka pamoja na Jua, liko mbele zaidi. Rudisha kamera, halafu uzungushe kichujio cha mbele robo ya duara, mdomo ukiwa umegeuziwa mbali na Jua. Kosa likihama, kichujio ndicho. Lisipohama, limebaki kwenye lenzi au vioo, na itakubidi urudi kwenye nyota ya usiku. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila video, na uandike kwenye daftari. Mimi nilipoteza asubuhi nne nzima kwa kubadilisha viwili kwa pamoja.

Vumbi hutambulika kwa jaribio lilelile: madoa yasiyogeuka na Jua ni ya kihisi au ya kioo kilicho mbele yake. Mbali na kuyapuliza kwa pampu ya mkono, rekodi fremu za kusawazisha: funika mdomo wa darubini, juu ya kichujio, kwa mfuko mweupe wa plastiki usio na maandishi, bila kugeuza fokasi wala kamera, na uipe programu fremu 100.

Haidrojeni-alfa

Vifaa hivi huchagua mwanga wa nanomita 656.28 kwa etaloni, vioo viwili vilivyokaribiana mno, na hurekebishwa kwa kuinamisha etaloni au kubadilisha shinikizo la hewa ndani yake. Usianze na ndimi za ukingoni, zinazoonekana hata etaloni ikiwa mbali kidogo na mahali pake. Tazama nyuzi nyeusi katikati ya Jua. Geuza polepole mpaka ziwe nyeusi kuliko zilivyokuwa, pita, rudi. Ukiona sehemu moja ya Jua ina nyuzi na nyingine ni tupu, lisogeze Jua ndani ya fremu ili ujue eneo bora la etaloni yako liko wapi, kisha uwe unaweka hapo kile unachotaka kupiga. Mistari ya mwanga na giza inayokata picha nzima kama mawimbi ya mchanga ufukweni hutokana na mwanga kurudiana kati ya kihisi na kioo chake. Huondoka kwa pete ya kuinamishia kamera, kiasi kidogo mno, huku ukitazama kompyuta.

Katika AutoStakkert, programu ya kupanga fremu, chukua asilimia 10 hadi 15 ya fremu zilizo bora, kisha uinoe picha kwa programu ya ImPPG. Utepe mweusi ukianza kuuzunguka ukingo wa Jua, umenoa kupita kiasi.

Kabla ya kufunga, iache darubini kivulini ipoe, ndipo uifunike; ukiifunika ikiwa na joto, unyevu utajifungia ndani na ukungu utaota juu ya lenzi. Weka kila kitu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana pamoja na vipakiti vya silika, uvianike vipakiti hivyo juani au uvikaushe kwenye oveni ya moto mdogo kila mwezi, na kichujio ukiweke juu kabisa, uso wake usiguse kitu, ili kesho kiwe cha kwanza kutoka na cha kwanza kupimwa.